Chumba cha Tisa

Bweni la Wanawake, chumba 14
6 Oktoba

Mwanangu,

Nimefika salama mimi na taipureta yangu, na hakuna kati yetu aliyevunjika. Najua ulitaka nipige simu. Simu ni ya kuulizana hali; jambo lenye uzito huandikwa, na nakala ikawekwa. Umekulia katika duka la kupiga chapa, sina haja ya kukufundisha hilo.

Siku ya kwanza nilichelewa darasani dakika tano, kwa sababu jengo lina milango sita na unaofunguka ni mmoja. Nilipoingia, darasa zima likasimama. Vijana zaidi ya mia, wima, "Shikamoo mwalimu!" Nikaitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi, kisha nikapita katikati yao nikaketi mstari wa tatu. Kijana wa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mama, umepotea? Ofisi ya wazazi iko chini." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mwaka wa kwanza kama wewe. Tena kwenye orodha ya mahudhurio jina langu liko juu ya lako."

Mwenzangu wa chumbani ana miaka kumi na tisa. Nimempa jina Redio, kwa sababu huanza kuongea kabla hajafumbua macho. Aliponiona na sanduku aliniuliza nitaondoka saa ngapi. Alidhani nimemsindikiza binti. Nilipomwambia kitanda cha dirishani ni changu, ilibidi akae chini kwanza.

Najua unaona nimekuaibisha. Ulilisema kituoni mbele ya watu, kwamba mwanamke wa miaka arobaini na minane anatakiwa kukimbiza wajukuu, si vyeti. Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini neno lile limenikaa. Basi nisikilize. Miaka ishirini na mitano nimepiga chapa tasnifu za watu. Nimepiga shukrani zao kwa Mungu, kwa wake zao, kwa wasimamizi wao, hata kwa mbwa wao mmoja. Hakuna hata mmoja aliyemshukuru mpiga chapa. Sentensi zao zilizopinda nilizinyoosha mimi, majoho wakavaa wao. Sasa zamu yangu. Mtihani wa kuingia nimeufanya mwenyewe, nimefaulu mwenyewe. Nilikulea peke yangu, duka nililisimamisha peke yangu. Mimi sikubebwa na mtu, na humu sitabebwa.

Funga mlango wa nyuma mapema mvua zikianza. Ubao wake huvimba.

Mama yako
Nakala: Faili


Dukani
15 Oktoba

Mama, au niseme mwanafunzi wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti dukani kwa sababu wateja hawakunipa nafasi ya kuisoma kimya. Karani wa mahakama alicheka hadi akasahau kopi zake. Ya shikamoo imeshafika sokoni, usiulize na nani.

Lakini wewe umepumzika, mimi je? Kila anayeingia anauliza mwenye duka yuko wapi, nikijibu yuko chuo kikuu wanadhani umeenda kufagia. Mzee wa hati za viwanja ameniambia kompyuta haina mkono mzuri kama wako, akaondoka na hati yake. Uliniambia nikushikie duka wiki mbili za mtihani. Wiki mbili zimegeuka miaka mitatu ya shahada. Duka hili sikuliomba, Mama. Nilikuwa na mipango yangu, ila hukuniuliza.

Mashine mpya ya kutoa kopi imeletwa na haikuwa na pa kukaa, kwa hiyo chumba cha nyuma nimekipanga upya. Sasa mtu anapita bila kuvaa utando wa buibui kichwani.

Ukichoka, kitanda chako kipo. Rudi hata Desemba. Atakayekucheka nitamziba mdomo mimi mwenyewe.

Mwanao


Bweni la Wanawake
4 Novemba

Mwanangu,

Kuchoka ni kwa waliokuja kutalii.

Redio ameniandikia karatasi akaibandika kwenye taipureta: "Mama, saa kumi na mbili asubuhi ni mapema mno kwa bunduki." Tumekubaliana saa moja. Habari kwamba najua kupiga chapa zimezagaa bweni zima, na kila jioni kuna anayebisha hodi na makaratasi kifuani, "Mama, kurasa tano tu." Nawajibu kwamba mkono huu umestaafu kazi za watu. Mmoja akalia. Nikampa chai, lakini sikumpigia.

Nimekabidhi insha yangu ya kwanza. Profesa wetu wa somo la jamii, mtu wa mvi na sauti ya mahubiri, alitutaka tueleze jinsi watu wanavyojiwekea kanuni bila wa kuwasimamia. Wenzangu walikimbilia maktaba. Mimi nikaikumbuka nyumba tuliyopanga ulipokuwa mchanga, ile ya vyumba vingi na bomba moja uani. Unakumbuka nilivyokusimulia: mama yako alikuwa anawahi bomba kuliko wapangaji wote, anajaza ndoo na kuondoka wengine wakiwa bado wanapiga miayo. Basi nikaketi kwenye mashine, na maneno yakaja yenyewe, moja linalivuta jingine. Sikufuta hata herufi. Tazama hii: "Foleni ya maji ni mkutano usio na mwenyekiti, na anayefika mwisho hupewa habari kabla ya kupewa nafasi." Sijui niliitoa wapi. Nilitazama vidole vyangu nikavionea fahari.

Umesema umepanga chumba cha nyuma. Lile sanduku la bati lenye nakala za kaboni usiliguse. Kila tasnifu iliyopita mikononi mwangu imo mle.

Mama yako
Nakala: Faili


Dukani
12 Novemba

Mama,

Hongera kwa insha. Sentensi yako ya foleni nimeipiga kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani, juu ya mashine ya kopi, wateja wasome wakisubiri. Karani wa mahakama ameinakili kwenye daftari lake.

Sanduku lipo salama. Usijisumbue.

Mwanao


Ofisi ya Kamati ya Nidhamu
24 Novemba

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Bweni la Wanawake, chumba 14.

YAH: TUHUMA YA KUNAKILI KAZI YA MTU MWINGINE

Kamati imepokea taarifa kwamba insha yako katika somo la jamii ina aya tatu zilizochukuliwa neno kwa neno kutoka katika kitabu cha mhadhiri wa somo hilo, ukurasa wa 61 hadi 63, bila kukitaja. Unatakiwa kufika mbele ya kamati tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, pamoja na shahidi au kielelezo chochote ulicho nacho. Ukipatikana na hatia utafutiwa usajili, na hutaruhusiwa kuomba tena nafasi katika chuo hiki.

Katibu wa Kamati


Bweni la Wanawake
27 Novemba

Mwanangu,

Barua ya kamati nimekuwekea humu, isome kwanza ndipo uendelee.

Umesoma. Sasa kaa.

Profesa aliniita ofisini. Insha yangu ilikuwa mezani, imechorwa wino mwekundu kama mtu aliyepasuliwa. Akaniambia kwa upole wa kuudhi, "Mama, kwa umri wako ungeniomba tu msaada, ningekuelewa." Nikamwambia kitabu chake sijawahi hata kukishika. Akatabasamu. Nilitoka pale nikaenda maktaba moja kwa moja. Ukurasa wa 61 niliusoma nimesimama. Wa 62 ilibidi nikae.

Kila neno nililijua kabla sijafungua jani. Nilikijua kitabu kizima, mwanangu, kwa sababu nimekipiga chapa. Mara nne.

Katika nyumba ile ya bomba moja, chumba cha nne alikaa mwanafunzi wa chuo, nikimwita Dada. Aliandika tasnifu yake juu yetu sisi wapangaji, jinsi tulivyogawana maji. Nilimpigia mimi; wewe wakati huo ulikuwa unakimbia uani na kiatu kimoja. Kila akiipeleka kwa msimamizi wake inarudi na wino mwekundu, tunaanza upya. Mara ya nne msimamizi akamwambia kazi haina thamani, hawezi kuipitisha. Dada akafunga sanduku akahama, wala sikumwona tena. Msimamizi yule sikupata kumtia machoni, lakini mwandiko wake nilikaa nao mwaka mzima. Mpiga chapa husahau sura, mwandiko hausahau. Herufi zake hulala kushoto kama watu wanaokwepa upepo. Ndizo hizo hizo zilizo kwenye insha yangu leo.

Kitabu kilitoka mwaka mmoja baada ya Dada kuondoka.

Sasa yanayoniuma. Ile sentensi ya foleni niliyojivunia kwako si yangu. Ni ya Dada. Vidole vyangu viliitoa pale vilipoiweka, na mimi nikadhani ni akili. Naweza kusema mawazo yamegongana, watu huponea hapo. Sitaki. Nitasimama niseme nimenakili. Ila sikumnakili yeye, na hilo nitalisema kwa sauti hiyo hiyo.

Nahitaji kielelezo. Katika sanduku la bati, chini upande wa kulia, kuna furushi limefungwa utepe wa bluu. Ni nakala ya kaboni, na jalada lake lina jina la Dada na mwaka. Nitumie kwa rejista. Bila karatasi hizo ni neno la mpiga chapa mbele ya Profesa, na unajua mzani utalalia wapi. Wakinifukuza hapa, nimefukuzwa moja kwa moja.

Mama yako
Nakala: Faili


Dukani
3 Desemba

Mama,

Rudi nyumbani. Nakuomba kabla sijaandika kingine chochote.

Mtu yule ana kitabu, ana ofisi, ana mvi. Wewe una bweni na Redio. Kamati ni wenzake, wanakunywa chai naye. Ukijitoa mwenyewe sasa hakuna rekodi. Utasema ulichoka, na hakuna atakayehoji, maana wote walitegemea uchoke. Kwa nini ungoje kuvuliwa nguo mbele ya watu wakati unaweza kuondoka umevaa?

Sanduku nalitafutia ufunguo. Nadhani umeanguka nyuma ya rafu.

Mwanao


Bweni la Wanawake
8 Desemba

Mwanangu,

Mosi, sirudi. Watakaonitoa hapa wanibebe wanne, na wajipange vizuri kwa sababu nina uzito.

Pili, sanduku lile halijawahi kuwa na kufuli.

Sema kweli.

Mama yako
Nakala: Faili


Dukani
12 Desemba

Mama,

Hazipo.

Mashine ya kopi ilipokuja nilisema kweli, haikuwa na pa kukaa. Muuza sabuni za vipande alikuwa anatafuta karatasi za kufungia bidhaa yake. Nilimwonyesha sanduku, akalibeba lote, tena nikamshukuru. Ulipoandika nisiliguse lilikuwa limeshaondoka wiki tatu. Nikaona nikisema utaumia bure, maana nani atahitaji makaratasi ya watu ya miaka ishirini? Nikadanganya mara ya kwanza, halafu ya pili ikanijia kirahisi.

Nisijitetee sana. Nilikuwa na hasira pia. Uliondoka na taipureta, kitu unachokipenda, ukaniachia mzigo wa maneno ya watu na vumbi lake. Nilifurahi kuliona sanduku linatoka. Hilo ndilo baya zaidi, kwa hiyo nimelisema.

Nimekwenda kwa muuza sabuni. Zimebaki karatasi kumi na moja, zote za ufugaji wa nyuki. Nimepita nyumba kwa nyumba mtaa mzima kuuliza nani bado ana karatasi iliyofungia sabuni yake. Mama mmoja alinitazama kwa huruma akanipa kipande cha sabuni.

Jumamosi nafunga duka. Nitakwenda kwenye ile nyumba ya bomba moja, nimuulize mwenye nyumba Dada wa chumba cha nne alihamia wapi. Usijitoe chuo kabla sijarudi. Najua ndimi niliyekwambia ujitoe. Sasa nakwambia usijitoe.

Mwanao


Bweni la Wanawake
17 Desemba

Mwanangu,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliitupa. Redio akaiokota, akainyoosha kwa goti, akaniambia, "Mama, soma na ukurasa wa nyuma." Huyu mtoto ana akili anapofunga mdomo.

Sijakusamehe. Nitakusamehe nikishatulia, usiniharakishe. Kusema umesema, na kwa hilo nimeanza kutulia.

Wakati nikiwa na hasira nilirudi maktaba, nikaketi na kile kitabu nione kama kuna pa kukishika. Mwanzoni Profesa anaandika: "Katika nyumba hii ya vyumba tisa, nitaeleza kila chumba na ndoo zake." Maneno ya Dada, hakubadili hata nukta. Nikahesabu vyumba anavyoeleza. Cha kwanza, fundi viatu. Cha pili, wauguzi wawili. Nikaenda hivyo mpaka mwisho. Vinane. Cha tisa hakipo.

Mwanangu, hakipo kwa sababu mimi nilikiruka nilipokuwa napiga. Kwenye muswada wa Dada kilikuwepo. Kwenye chapa yangu hakikuingia. Ni kosa la mpiga chapa, na mpiga chapa ni mimi. Kosa langu limo ndani ya kitabu chake. Mwizi kaondoka na shati pamoja na kiraka chake.

Mtafute Dada. Kama bado ana muswada wa mkono, chumba cha tisa kimo.

Mama yako
Nakala: Faili


Shule ya Udereva
2 Januari

Jirani yangu wa zamani,

Binti yako amefika hapa Jumamosi ya tatu mfululizo ya kunitafuta, viatu vimejaa vumbi. Kabla hajajitambulisha nilimjua kwa paji la uso. Nilimwacha akikimbia na kiatu kimoja, sasa amekuja anafoka kama wewe.

Mimi nafundisha udereva. Mwaka wa kumi na nane huu natishwa na wanafunzi wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa leo nilipoambiwa neno "chuo". Kitabu chake nilikiona dukani zamani. Nilikishika, nikakirudisha kwenye rafu, nikaenda kazini. Nilijiambia hakuna atakayeniamini. Miaka yote hiyo nilikusahau wewe, kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyesoma kila neno langu mara nne.

Kwa hiyo wamekushika na sentensi yangu! Nimecheka hadi mwanafunzi akazima gari. Sina kinyongo, jirani. Angalau wewe uliitoa kwa kupenda.

Muswada ninao. Chumba cha tisa kipo, kurasa mbili kwa mkono wangu. Nikuambie jambo ambalo sikukwambia wakati ule: niliona siku ile ile kwamba hukukipiga. Sikukuuliza kwa sababu niliuona uso wako uliponikabidhi kazi. Binti yako ameniomba akisome, nimemkatalia. Mwenye chumba ndiye atakayemsomea.

Niliapa sitapita tena lango lile. Tarehe 9 Februari nitapita, tena na gari la shule, lenye kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma.

Dada wa chumba cha nne


Bweni la Wanawake
11 Februari

Mwanangu,

Nimebaki. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima umeshika moyo.

Walikuwa watano upande mmoja wa meza, mwenyekiti ni mwanamke wa makamo mwenye kikohozi. Profesa alikaa pembeni amekunja nne. Wakaniuliza nakiri au nakana. Nikasimama nikasema, "Nimenakili." Profesa akatabasamu. Nikamgeukia, "Ila si kwako."

Nikamwomba mwenyekiti afungue kitabu asome ule mstari wa vyumba tisa, kisha ahesabu. Akahesabu kwa kidole, kwa sauti, kikohozi katikati. Vinane. Akarudia. Vinane. Profesa akasema ni kosa la kiwanda cha uchapishaji. Nikasema sawa, viwanda hukosea. Basi wewe uliyeingia nyumba ile, uliyehesabu ndoo zake kwa macho yako, tuambie tu: chumba cha tisa alikaa nani?

Akanitazama. Akasema, "Kilikuwa kitupu."

Kitupu! Sikumjibu, kwa sababu ningemjibu ningefukuzwa kwa kosa jingine. Nikaufungua mlango. Dada akaingia na funguo za gari mkononi, akaweka muswada wake mezani, karatasi zimekuwa za manjano, pembeni wino mwekundu unaolala kushoto. Mwenyekiti akazichukua kurasa za chumba cha tisa, akazisoma kimya. Aliporudisha macho alinitazama mimi, si Dada. Kisha akauliza, "Chumba hiki ulikiruka kwa bahati mbaya?"

Nikajibu. Nilichojibu nitakuandikia, lakini si leo.

Hukumu ndiyo hii. Kwa kunakili nimepewa sifuri katika insha na nitaiandika upya. Usajili wangu haukuguswa. Profesa ameondolewa darasani, shauri lake limepelekwa kwa kamati kubwa zaidi. Sifuri yangu nimeibandika ukutani, juu ya kitanda. Nimeipata kwa kusema kweli, na wapo humu wenye tisini wasioweza kusema hivyo.

Dada alitoka na gari lake polepole mno, vijana wakawa wanampisha wakidhani ni mwanafunzi.

Mama yako
Nakala: Faili

Baada ya kusaini: nimeshatulia.


Dukani
20 Februari

Mama,

Sifuri yako imesomwa dukani na kupigiwa makofi. Ile sentensi ukutani nimeibandua, nikaipiga upya na jina la Dada chini yake. Karani wa mahakama amelalamika kwamba sasa lazima asahihishe daftari.

Nimefurahi, na sitaki kuficha kwamba nilikuwa nimekosea kuhusu wewe. Nilitaka urudi kwa sababu nilitaka uwe umeshindwa kidogo, ili nisiwe peke yangu. Mimi ndimi niliyetakiwa kuondoka kwenda kusoma, na nikakaa.

Lakini nani alikaa chumba cha tisa? Dada ananizungusha, wewe unanizungusha. Nilizaliwa katika nyumba ile, nina haki ya kuhesabu vyumba vyake.

Mwanao


Bweni la Wanawake
18 Juni

Mwanangu,

Usishtuke kwa mwandiko. Ni wangu. Ni mbaya hivi kwa sababu miaka yote nilikuwa nanyoosha wa watu.

Mitihani imeisha na mwaka wa kwanza umeisha. Insha ile nimeiandika upya kwa kalamu, kwa sababu vidole vyangu juu ya mashine siviamini tena; vina maneno ya watu wengi mno. Kwa kalamu natembea kama mlevi, neno kwa neno, lakini ninapofika ni pangu. Nimepata hamsini na nane. Redio amelia kuliko mimi. Oktoba naingia mwaka wa pili, na atakayesimama kunisalimia akidhani mimi ni mwalimu nitamwitikia vilevile.

Nimekuchelewesha miezi minne. Swali lako ni fupi, jibu ndilo lililokuwa zito. Nimekaa na muswada wa Dada mbele yangu nikakunakilia, na safari hii nasema wazi kwamba nanakili:

"Chumba cha tisa: mwanamke kijana, mpiga chapa, na mtoto wa kike wa wiki tatu. Mume ameondoka. Wapangaji wa vyumba vinane walikubaliana bombani, bila kikao, kwamba ndoo ya chumba cha tisa isipange foleni mpaka mtoto atembee. Kila alfajiri husubiri ndani ya milango yao, kimya, mpaka wasikie ndoo yake imejaa na mlango wake umefungwa. Ndipo hutoka. Fundi viatu huwahi kazini, lakini naye husubiri. Mwanamke huyu hajui. Anaamini anaamka mapema kuliko wote, na wapangaji wamekubaliana pia asiambiwe."

Nilijua nikiwa napiga chapa, mwanangu. Mkono juu ya mashine, wewe chini ya meza unachezea utepe. Nilikuwa nimejisifu kwa watu wale wale, usoni mwao, kwamba mimi ni mwepesi na wao ni wavivu. Nao wakaitikia, "Kweli, mama, wewe huna mfano." Nilipofika mwisho wa aya nilisikia aibu mpaka kwenye meno. Nikageuza jani, nikaendelea na sura nyingine. Mara nne nilifika hapo na mara nne nilikiruka, huku nikikulea kwa wimbo wa sikubebwa na mtu.

Hilo ndilo nililomjibu mwenyekiti. Nilimwambia sikukosea. Nilijifuta, kwa sababu mle ndani nilikuwa nimebebwa, na mimi sikutaka kuandikwa hivyo. Na nikamwambia kwamba chumba anachosema bwana huyu kilikuwa kitupu kilikuwa na watu wawili, mmoja ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na mwingine ameacha duka lake Jumamosi tatu kututafutia ushahidi.

Mwaka mzima niliapa humu sitabebwa. Nimebebwa na Redio, na Dada, na wewe mwenye hasira zako. Bado natembea kwa miguu yangu. Havigombani.

Na wewe fomu za mtihani wa kuingia nimekuwekea humu. Duka tutalifunga, au tutampa karani wa mahakama, maana haondoki. Sikukuuliza wakati ule. Sasa nakuuliza.

Dada ameandika mwishoni jambo moja ambalo mwenyewe nalikumbuka kwa upande wangu. Ulitembea ukiwa na miezi kumi na moja, uani, mbele ya watu wote, na wakakupigia makofi nikashangaa kwa nini yanazidi kiasi. Kesho yake alfajiri nilitoka na ndoo yangu nikakuta foleni ya watu wanane bombani. Nilikasirika sana. Nikawauliza, "Leo mmeamshwa na nani?" Fundi viatu akasogeza ndoo yake, akanionyesha mahali pangu, mwisho wa mstari, na aliyekuwa mbele yangu akaanza kunipa habari.

Mama yako
Nakala: hakuna. Hii ni yako peke yako.